Mnunuzi wa Mizigo Yatima

Mwaka ambao mtama ulikubali kule Samuye, baba yangu alikwenda mnadani akarudi na ng'ombe mwekundu aliyemnunua kwa sababu ya tumbo. Nasema tumbo, maana ng'ombe mwenyewe alikuwa mzee, pembe moja imevunjika, mkia umekwisha kama kamba ya kisimani. Lakini tumbo lilikuwa limejaa na kuning'inia, na muuzaji alilipigapiga kwa kiganja akamwambia baba, "Sikiliza mwenyewe." Baba akaweka sikio. Akatuambia amesikia ndama.

Tangu hapo hapakuwa na raha nyumbani. Kila asubuhi baba anakwenda zizini kuweka sikio. Mama anauliza, "Dume au jike?" Baba anasema, "Nyamaza, nasikia mguu." Dada zangu walishaanza kugombania maziwa ambayo hayajakamuliwa. Miezi ya mimba ikapita, ikapita na mingine, kama ingekuwa mimba basi ingekuwa ya tembo. Mwisho akaitwa bwana mifugo. Akaingiza mkono mpaka begani, akautoa, akanawa, akaomba maji ya kunywa, akanywa yote. Ndipo akasema, "Mzee, humu hamna mtu."

Baba hakumrudisha yule ng'ombe wala hakumtafuta muuzaji. Alisema tumbo alilichagua mwenyewe kwa sikio lake mwenyewe.

Sasa sijui kwa nini nimeanza na ng'ombe. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na mwalimu aliyenifundisha kupanga habari alihamishwa kabla hajafika mwisho wa habari. Nilitaka kueleza habari za jirani yangu. Nadhani ng'ombe kaja kwa sababu ya sikio, maana katika maisha yangu nimewaona watu wawili tu wanaoweka sikio kwenye kitu kilichofungwa na nyuso zao zikabadilika namna ile. Wa kwanza ni baba. Wa pili ndiye huyu.

Tulimwita Mzee wa Mawe. Jina lake la ubatizo ninalijua, lakini hapa mtaani Kambarage, Shinyanga, hakuna aliyelitumia, hata mkewe Mama Kulwa alilitumia siku za hasira tu. Tuliishi ukuta kwa ukuta kwa miaka ambayo nikianza kuihesabu nitagombana na mke wangu, maana yeye ana hesabu yake. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo shikamoo ilikuwa yangu na marahaba yake, ingawa yeye alitangulia kila mara na "Mwangaluka, Fundi," salamu ya Kisukuma, kabla sijafungua mdomo. Fundi ni mimi. Natengeneza baiskeli pale karibu na stendi.

Kazi yake ya zamani ilikuwa kununua mawe ya dhahabu kule Geita. Kwa asiyejua nieleze. Mchimbaji mdogo akitoka shimoni na mawe yake, na njaa yake, mara nyingi hasubiri kuyasaga. Anayatia kwenye kiroba, anashona mdomo, anauza. Anayenunua hajui kilichomo. Yanaweza kuwa mawe ya kumjengea nyumba, yanaweza kuwa mawe ya kujengea choo. Atajua mbele ya karasha, ile mashine ya kusagia, mawe yakishakuwa unga na unga ukishaoshwa. Mzee wa Mawe aliishi hivyo ujana wake wote, na vumbi la karasha likamkaa kifuani. Daktari akamwambia achague, vumbi au pumzi. Akachagua pumzi, akaja kukaa mjini, Mama Kulwa akaanza kuuza maandazi, na mzee akaanza kukonda kwa kukosa kitu cha kubahatisha.

Mpaka Bhai alipoleta yatima.

Bhai ni mwenye duka karibu na kijiwe changu. Babu yake aliuza khanga na chumvi mle mle ndani, na yeye Kisukuma anakijua kuliko wanangu. Siku hizi watu wanaagiza vitu kwenye simu, vitu vya bei ya chini kutoka mbali huko, vinakuja kwa meli na ndege mpaka Dar es Salaam, halafu vinapanda mabasi kuja huku. Mwenye mzigo anapigiwa simu. Asipopatikana, mzigo unakaa. Ukikaa sana unatiwa kwenye magunia pamoja na wenzake na kuuzwa jumla kwa watu kama Bhai, naye anauza kimoja kimoja bila kufungua. Hilo ndilo sharti. Ukifungua umenunua. Sisi tukaviita yatima. Na huku kwetu yatima ni wengi kwa sababu moja: mtu anaagiza akiwa juu, mzigo unafika yeye yuko chini ya ardhi, simu yake imezimwa ndani ya buti.

Siku ya kwanza Mzee wa Mawe alipoona lile rundo dukani kwa Bhai, alisimama mlangoni kama mtu aliyesikia akiitwa kijijini kwao. Hakununua. Alirudi kesho yake amenyoa ndevu.

Alikuwa na namna yake ya kuchagua, na ilichukua muda mrefu, na iliwakera wateja wa chumvi. Kwanza anakipima kifurushi kwenye kiganja cha kushoto. Halafu anakitikisa mara tatu. Anakibonyeza pembe. Anaweka sikio. Anakinusa. Mwisho analamba ule utepe wa gundi, kama alivyokuwa akilamba mawe ili yaonyeshe rangi.

"Mzee, tikisa taratibu," Bhai anasema. "Kama ni sahani umeshanunua."

"Kama ni sahani nitasikia."

"Utasikia ikivunjika."

"Bhai, wewe unauza nini?"

"Mimi nauza mfuko na wasiwasi wako. Kilichomo ndani nakupa bure."

Hakuvifungua dukani. Alivibeba kifuani mpaka nyumbani, akavikalisha chini ya kitanda mpaka Jumamosi alasiri, ndipo akatandika mkeka uani na sisi majirani tukaja na vigoda. Anakwenda kunawa mikono. Anapiga ishara ya msalaba, maana alikuwa Mkatoliki wa kule Ushirombo, watu wa misheni ya zamani. Halafu anashika wembe, na hapo ndipo mikono inaanza kutetemeka. Mimi nilikuwa naangalia ile mikono kuliko kifurushi. Mtu aliyenunua mawe nusu ya umri wake, anatetemeka mbele ya mfuko wa nailoni! Na ajabu ni kwamba sisi nasi tulikuwa tunabana pumzi. Mama Neema, fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwanamke asiyeogopa hata polisi, alikuwa akifumba jicho moja.

Nimeona vitu vikitoka mle. Jalada la simu ambayo hakuna mtu mjini anayo. Hereni moja. Kandambili mbili nzuri, zote za mguu wa kushoto. Mkanda wa kupunguza tumbo, ambao Mama Neema aliujaribu na tumbo likakataa. Taa ndogo ndogo za kupamba, zikawaka siku moja. Kola ya paka yenye kengele, akavishwa mbuzi wa Mama Kulwa, na mbuzi akaanza kujiona, haji tena akiitwa. Kila kitu kikitoka mzee anakigeuzageuza, anakiweka pembeni, anasema, "Mwamba mtupu. Lakini mwamba mtupu unakaa karibu na mshipa wa dhahabu."

Misemo yake ilikuwa ya namna hiyo. "Jiwe halina mdomo, mwenye mdomo ni muuzaji." "Usicheke kabla ya kusaga." Nyingine sikuielewa mpaka leo: "Anayebahatisha hana haraka, mwenye haraka ni mkewe."

Na mkewe alikuwa na haki ya kuwa na haraka. Mama Kulwa hakuogopa hasara, hasara alishaizoea kama mvi. Aliogopa vitu vyenyewe. Aliniambia siku moja nikinunua maandazi, "Shemeji, kila kifurushi kina jina la mtu. Mtu alikiagiza, akakisubiri, akaota nacho. Sasa kiko chini ya kitanda changu. Vitu vya watu vina macho." Nikamwambia ni mambo ya biashara tu. Lakini tangu hapo nikiona yale majina kwenye vifurushi, sijui niseme nini, yalikuwa kama watu wamesimama mlangoni hawabishi hodi.

Mzee mwenyewe alikuwa na mambo mengi yanayopingana ndani yake. Mtu wa kubahatisha, lakini havuki barabara mpaka gari la mbali kabisa lipite. Alisali rozari kila jioni, na hakuruhusu mtu kuruka kiroba kitupu. Alikuwa mkarimu mpaka inaudhi. Ukisifia shati lake utaondoka nalo. Lakini kitu alichonunua kimefungwa hakukitoa, hakukirudisha, hata kama ni hereni moja isiyo na mwenzake. Karibu vyote vilining'inia kwenye misumari ukutani. Siku Bhai mwenyewe alipomwambia kwamba gunia moja lilikuja kwa makosa, arudishe mfuko mmoja apewe miwili, mzee alimjibu, "Jiwe lililonunuliwa halirudi." Bhai akacheka akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Sababu yake aliniambia mara moja tu, nikimzibia pancha, akiwa anaangalia tairi badala ya kuniangalia mimi. Zamani kule machimboni alinunua kiroba kwa kijana mmoja mwenye mke mjamzito. Kesho yake kijana akaja kulia, kwamba ameuza kwa njaa, amejuta. Mzee akamhurumia, akamrudishia kiroba chake kimeshonwa vile vile. Kijana akasaga. Ikatoka dhahabu ambayo watu walikuja kuitazama. Basi kijana akajua shimo lile lina mshipa, na shimo lile wenzake walikuwa wameliacha kwa sababu lilikuwa linalia, ile sauti ya udongo unaotaka kuanguka. Akarudi ndani peke yake. Udongo ukamfunika.

"Ningebaki nacho," mzee akaniambia, "angenichukia. Angekuwa hai ananichukia."

Nikamaliza kuziba. Nikajaza upepo mwingi kuliko inavyotakiwa.

Sasa nije kwenye vile viatu, maana ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Mfuko mweusi, mzito kiasi, mzee alikuwa ameulamba mara mbili dukani na alikuwa na matumaini nao makubwa. Wembe ukapita. Vikatoka viatu viwili vidogo vyeupe, vya mtoto ambaye hajaanza kutembea sawasawa, na katikati yake chuma kimeviunganisha, kiatu kimoja kinatazama huku, kingine kule.

Mama Neema akasema, "Jamani! Mtoto gani huyo kafungwa pingu kabla hajaiba?"

Uwanja mzima ukacheka. Mzee naye akacheka, akakohoa. Mimi sikucheka, kwa sababu viatu vya namna ile nilishawahi kuvishika. Mama mmoja alitoka hospitali akaniletea kijiweni, skrubu ya chuma imelegea, nikamkazia. Nikamuuliza ni vya nini. Akanieleza kwamba mtoto amezaliwa nyayo zimepinda kuingia ndani, wakamfunga plasta wiki baada ya wiki mpaka zikanyooka, na sasa lazima alale na viatu hivi miaka kadhaa. "Fundi," aliniambia, "akikaa bila hivi, mguu unakumbuka ulikotoka."

Basi nikauchukua ule mfuko nikasoma, kwa shida, maana miwani yangu ina kioo kimoja. Jina la mwanamume. Ushirombo. Na namba ya simu.

"Mzee," nikasema, "hivi ni dawa. Vina mtoto."

"Kila kitu kina mtoto, Fundi."

"Huyu mguu wake unarudi kupinda. Tumpigie mwenyewe aje achukue."

"Jiwe lililonunuliwa halirudi."

"Hili si jiwe!"

"Nimelinunua limefungwa?"

"Ndiyo."

"Nilijua kilichomo?"

"Hukujua."

"Basi ni jiwe." Akasimama na kuvitundika kwenye msumari, kati ya mkanda wa tumbo na zile kandambili. Uso wake, nikisema ulikuwa mgumu nitakuwa nadanganya. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa. Watu wakabeba vigoda vyao wakaenda zao.

Siku zile sitazisahau. Nikawa napiga ile namba kama mtu anayemeza dawa, asubuhi, mchana na jioni. Haipatikani. Ninakaza spoki, nasimama, napiga. Haipatikani. Mke wangu akauliza ni mwanamke gani huyo asiyepokea. Nikienda kwa mzee naviona ukutani, viwili, vinatazama pande mbili, na ninaanza kuhesabu ni usingizi wa siku ngapi yule mtoto amelala bila hivyo viatu. Nilifikiria kuviiba. Naandika kweli tupu. Siku moja mzee alikuwa kanisani, Mama Kulwa yuko jikoni, mlango wazi, nikafika mpaka chini ya msumari. Mbuzi akaingia na kengele yake, nikatoka.

Mama Kulwa alipigana kwa njia yake. Nilimsikia kupitia ukutani: "Wewe mwanaume, havikutoshi, havinitoshi, wajukuu wote wanatembea. Unavilinda vya nini?"

"Silindi viatu."

"Unalinda nini?"

Nikasikia tu kikohozi.

Siku ya kumi na mbili simu ikaita. Nilishtuka nikaangusha pampu.

"Nani?" sauti ya kijana, ina vumbi.

"Hunijui. Mimi ni fundi baiskeli, niko Shinyanga. Uliagiza viatu vya mtoto, vyenye chuma?"

Akasema kwa heshima kabisa, kama vile ndiyo kwanza tumeonana, "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Viko?"

"Viko."

Nikamsikia akigeuka kuwaambia watu aliokuwa nao, "Viko! Wanasema viko!"

Alikuwa mchimbaji, upande wa Geita. Mtoto wake anaitwa Eliza, yuko Ushirombo na mama yake. Viatu vya kwanza vilimbana, vidole vikachubuka, mama akavivua. Hospitali wakamwambia saizi inayofuata imekwisha, asubiri. Mwenzake shimoni akamwonyesha kwenye simu kwamba vinauzwa, akaagiza. Vilipofika alikuwa chini. Alipotoka akaambiwa mzigo umeshauzwa, na aliyeuziwa hajulikani.

"Mguu wa kushoto umeshaanza kuingia ndani," akasema. "Kliniki ni Jumatatu. Daktari amesema Jumatatu asipokuja na viatu, wanaanza plasta upya, tangu mwanzo."

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Nikamwambia asiondoke hapo penye mtandao.

Nikaenda kwa Mzee wa Mawe, sikuvua hata aproni. Nikamweleza yote, Eliza, mguu wa kushoto, Jumatatu. Alinisikiliza ameshika rozari. Nikamaliza. Akasema, kwa sauti ndogo, "Fundi, unataka nimrudishie mchimbaji jiwe lake."

"Nataka mtoto avae viatu."

"Hata yule alikuwa na mtoto njiani."

Hapo nikaelewa kwamba nikimsukuma nitamvunja. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Na ndipo likanijia wazo, na nilijiona mwerevu sana, laiti lisingenijia. Nikamuuliza, "Huko kwenu kwenye mawe, watu hawabadilishani?"

Akanyanyua macho. "Wanabadilishana."

"Vipi?"

"Kiroba kwa kiroba. Kilichoshonwa kwa kilichoshonwa. Hakuna anayefungua mbele ya mwenzake, na hakuna anayesema asante. Asante ni malalamiko yaliyovaa vizuri."

"Basi abadilishe."

Akaanza kutabasamu taratibu, tabasamu ambalo sikuwahi kuliona kwake tangu nimjue. Nilidhani ni la huruma. Nikampigia kijana, nikamwambia aje na kiroba cha mawe kilichoshonwa.

Kijana akafika Jumamosi kwa basi la asubuhi, bado ana tope kwenye masikio, begani amebeba kiroba cha mawe kimeshonwa kwa kamba ya bluu. Tulikutana kijiweni kwangu. Mzee alishampelekea Mama Neema vile viatu, naye akavitia kwenye kiroba cha unga na kukishona kwa cherehani mistari miwili, akinung'unika kwamba ameshona vitu vingi lakini si uwendawazimu. Kila mmoja akaweka chake chini. Kila mmoja akanyanyua cha mwenzake. Mzee alikishika kile kiroba cha mawe, akakipima, akakitikisa mara tatu, akaweka sikio. Kijana yeye alikikumbatia chake, akaanza kukipapasa akitafuta umbo la chuma kwa vidole, midomo inamcheza. Hakuthubutu kufungua. Alinitazama mimi.

"Mzee Fundi, viko kweli?"

"Niliona vikishonwa. Nenda, basi la Ushirombo linaondoka."

Akafungua mdomo kusema neno, mzee akamnyooshea kidole. Akaufunga. Akakimbia.

Jumatatu ile sikutengeneza kitu. Nilitengua gurudumu moja na kulirudisha, nikalitengua tena. Alasiri simu ikatoa mlio, ikaja picha. Kitanda cha hospitali, mtoto wa kike amevaa viatu vyeupe na chuma chake, mkono wa daktari umemshika goti, na yeye analia mdomo wazi mpaka kidaka tonge kinaonekana. Chini mama yake ameandika, "Vimemtosha. Plasta hakuna." Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama kile. Nikaenda kumwonyesha Mama Neema, akaangua kilio na yeye, akasema ni mafua. Nikaenda kwa Bhai, akanipa soda. Nikaenda kwa mzee.

Alikuwa uani, kile kiroba kiko miguuni pake. Akaitazama picha muda mrefu. "Ana sauti," akasema. Kisha mkono wake ukarudi kwenye kiroba wenyewe, kama mkono wa mama unavyorudi kwenye kichwa cha mtoto bila kutazama.

Mama Kulwa akanifuata mpaka mlangoni. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Shemeji, umemletea nini mume wangu?"

Nikamwambia atakiuza. Atampa mnunuzi mwingine, kimeshonwa vile vile, hajala vumbi hata punje. Nilisema hivyo, nikawa nasema kila siku, yeye akinitazama tu. Nikawa kila asubuhi nachungulia kwa juu ya ukuta kama kamba ya bluu bado ipo. Ipo. Jumamosi ikafika, mkeka haukutandikwa. Majirani walikuja na vigoda wakarudi navyo. Dukani kwa Bhai gunia jipya lilishuka na mzee hakwenda hata kulinusa. Alikaa na kile kiroba. Alikihamisha kutoka kivulini kwenda juani na kutoka juani kwenda kivulini. Siku moja nilimwona amelowesha kidole, amekipitisha kwenye mshono, ameonja.

Siku tatu baadaye, asubuhi, nilikuwa nanyoosha gurudumu la mwuza maziwa. Nikanyanyua macho, Mzee wa Mawe anakuja, amevaa shati la Jumapili, kiroba begani.

"Mwangaluka, Fundi."

"Mwangaluka, shikamoo mzee. Wapi na mzigo?"

"Geita. Kusaga tu."

"Na kifua?"

"Nitasimama upande upepo unakotoka."

"Mama Kulwa anajua?"

"Alitaka kitoke nyumbani. Kimetoka."

Nikasimama, mikono ina grisi, sikujua nimshike wapi shati lisichafuke. "Mzee, mimi ndiye niliyesema ubadilishe. Niachie nikipeleke mimi. Nitasimama pale pale mpaka unga wa mwisho."

Akanitazama kwa upole sana. "Wewe hujui kusikiliza," akasema. Akakohoa, akakigeuzia kiroba bega la pili, akalitazama gurudumu langu. "Bado linayumba hilo. Kushoto."

Nikainama kuangalia kushoto. Nilipoinuka alishapita dukani kwa Bhai, na Bhai anamwita kutoka ndani, "Mzee! Yatima wameshuka, wazito kweli kweli!" Akanyoosha mkono mmoja juu bila kugeuka. Akapinda kona ya kuingilia stendi, taratibu, akisubiri kwanza gari la mbali lipite.

Hakurudi; vumbi la karasha lilimmaliza huko huko.